Kuoa, Kuolewa na Kuozwa: Sarufi ya Makuzi ya Mwanamke katika Riwaya ya Jane Eyre

Utangulizi

Riwaya ya Jane Eyre ilichapishwa mjini London mwezi wa Oktoba mwaka 1847, katika juzuu tatu, na kampuni ya Smith, Elder. Ukurasa wa jina ulidai kwamba kitabu ni tawasifu iliyohaririwa na Currer Bell, jina la kubuni ambalo halikubainisha kama mwenye nalo ni mwanamume au mwanamke. Nyuma ya jina hilo alikuwapo Charlotte Brontë (1816-1855), binti wa kasisi wa kijijini, ambaye miaka kumi kabla, mwaka 1837, alikuwa ameandikiwa na mshairi Robert Southey na kuonywa kwamba uandishi si kazi ya mwanamke.

Tangu hapo riwaya hiyo imesomwa kwa namna nyingi. Mwaka 1848 Elizabeth Rigby aliishutumu kuwa inakwenda kinyume na mafundisho ya Kikristo. Mwaka 1979 Sandra Gilbert na Susan Gubar waliifanya nguzo ya uhakiki wa kifeministi, na mwaka 1985 Gayatri Spivak aliihoji kwa mtazamo wa historia ya ubeberu. Wahakiki hao hawakubaliani, lakini wote wanakiri jambo moja: kwamba riwaya inasimulia jinsi msichana yatima anavyokua na kuwa mtu mzima mwenye kauli.

Neno hilo kauli ndilo kiini cha makala haya. Katika Kiswahili lina maana mbili zinazofaa kutazamwa pamoja: uwezo wa kusema ukasikilizwa, na umbo la kitenzi, yaani kauli ya kutenda, ya kutendwa, ya kutendana na nyinginezo. Makala haya yanashikilia kwamba makuzi ya Jane yanafuatika vyema zaidi kwa kutazama maneno anayoyatumia kuwataja wengine, maneno anayoyakataa yanapotumiwa kumtaja yeye, na mahali anapokaa katika sentensi. Aidha, yanashikilia kwamba lugha ya Kiswahili inalazimisha kuonekana kwa mambo ambayo Kiingereza kinayaficha. Kwa hiyo mwalimu au mtafsiri anayeifikisha riwaya hii kwa wasomaji wa Kiswahili ana nafasi ya kuidhihirisha. Vilevile ana nafasi ya kuiua kwa mazoea ya ulimi tu.

Jambo hili si dogo. Tafsiri za enzi ya ukoloni zilizoieneza nathari ya Uingereza ya karne ya 19 kwa wasomaji wa Kiswahili, mathalani Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, zilikuwa masimulizi ya wanaume wanaosafiri kutafuta mali. Msichana aliingia kwa Elisi katika Nchi ya Ajabu mwaka 1940, lakini Elisi ni mtoto anayeamka kutoka usingizini angali mtoto. Riwaya za Kiswahili zilipokuja kuyashughulikia makuzi ya msichana kwa undani, katika Rosa Mistika (1971) ya Kezilahabi, Nyota ya Rehema (1976) ya Mohamed Suleiman Mohamed na Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, waandishi walikuwa wanaume na usimulizi ukawa wa nafsi ya tatu. Kwa msomaji aliyelelewa na vitabu hivyo, msichana anayesema "mimi" tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho si jambo la kupita bila kutazamwa.

Mwari Asiye na Kungwi

Waswahili husema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Jane ana miaka 10 riwaya inapoanza. Baba na mama wamekwishakufa, naye analelewa Gateshead, nyumbani kwa Bibi Reed, mjane wa mjomba wake. Baada ya kugombana na binamu yake John, anafungiwa katika chumba chekundu, chumba ambamo mjomba huyo alifia miaka tisa kabla. Tukio hilo limefasiriwa na wengi kama mlango wa kuingilia utu uzima.

Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, kumweka msichana ndani ni jambo lenye maana iliyokwisha kujulikana. Mwari hutawishwa ili afundwe. Huwekewa kungwi, hupewa maneno ya watu wazima, na siku ya kutoka hutoka akiwa na hadhi mpya mbele ya watu. Jane anawekwa ndani bila kungwi, bila maneno, na bila mtu wa kumpokea anapotoka. Ni unyago uliobaki kutisha tu, mafunzo yake yakiwa yameondolewa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya riwaya ni safari ya kuwatafuta makungwi: Helen Burns na Mwalimu Temple katika shule ya Lowood, na baadaye Diana na Mary Rivers.

Hapa pana ulinganisho ambao haujachoka kutumika. Mwaka 1858, miaka kumi na mmoja tu baada ya Jane Eyre kutoka, Mwana Kupona binti Msham alimtungia utenzi binti yake akiwa mgonjwa, akijua kwamba siku zake zimekaribia. Yeye ni mama anayekufa anayemwachia binti maneno. Jane ni binti aliyebaki bila maneno hayo, akalazimika kuyatunga mwenyewe. Kazi hizo mbili hutajwa mara nyingi kana kwamba moja ni ya utii na nyingine ya uasi. Ulinganisho huo ni mwepesi mno. Zote mbili zinauliza swali moja: ni nani mwenye haki ya kumwambia msichana jinsi ya kuishi, na kwa lugha gani? Mwana Kupona anajibu kwamba ni mama. Brontë, ambaye mama yake alifariki mwaka 1821, anamwacha msichana ajibu peke yake.

Mjomba, Amu na Mkaza Mjomba

Jane anaingia katika riwaya kwa ugomvi wa majina. John Reed, kijana wa miaka 14, anamtaka asimwite kwa jina bali kwa cheo cha bwana mdogo. Jane anamjibu kwa kumpa majina mengine, ya muuaji na ya msimamizi wa watumwa. Haupiti muda, anamkabili Bibi Reed mwenyewe na kuapa kwamba hatamwita shangazi tena maisha yake yote.

Neno "shangazi" limetumika hapo kwa kusudi, ili kuonyesha tatizo. Kiingereza kina neno moja kwa dada wa baba, dada wa mama na mke wa mjomba. Kiswahili hakiruhusu uvivu huo. Bwana Reed alikuwa kaka wa mama yake Jane. Kwa hiyo mjane wake ni mkaza mjomba, mtu asiye na damu na mtoto huyo hata tone. Mtafsiri akiandika "shangazi" kwa kuwa kamusi inasema hivyo, atakuwa amempa Bibi Reed undugu wa damu, tena upande wa baba, na kukigeuza kiapo cha Jane kiwe utovu wa adabu wa mtoto kwa mzazi. Akizingatia kwamba ni mkaza mjomba, msomaji ataona mara moja kwamba Jane anakanusha undugu wa ndoa uliodaiwa bila kutekelezwa. Lakini papo hapo lipo jambo la adabu: mtoto wa Kiswahili hamwiti mkaza mjomba kwa istilahi hiyo usoni pake, humwita mama. Basi kiapo kinachofaa kwa Kiswahili ni cha kutomwita mama. Hapo maumivu ya yatima yanajitokeza bila kuongezwa chochote.

Ikumbukwe kwamba Jane anakivunja kiapo hicho mwenyewe. Bibi Reed anapokuwa kufani, Jane, sasa akiwa na miaka 18, anamrudishia jina alilomnyima. Hakuna anayemlazimisha, na mgonjwa hastahili. Mtoto alimnyima mtu jina kwa sababu ya kuumizwa. Mtu mzima anampa kwa hiari yake. Ukomavu wa Jane unaanza kupimika papo hapo, kabla ya suala la mapenzi kufikia kilele chake.

Mambo ni mazito zaidi kwa upande wa neno jingine la Kiingereza, ambalo humtaja mjomba na amu bila kuwatofautisha. Aliyekufa Gateshead ni mjomba. Aliyeko Madeira, John Eyre, mfanyabiashara, ni ndugu wa baba, yaani amu. Kwa mila na sheria ya Kiislamu ya pwani, binti aliyefiwa na baba na babu, asiye na kaka wa kuzaliwa naye kwa baba, humtazamia amu awe walii wake, mwenye mamlaka ya kumwoza. Jane hajapata kumwona amu huyu. Hata hivyo, anapokaribia kuolewa na Bwana Rochester, anamwandikia barua kumjulisha. Barua hiyo ndiyo inayofichua kwamba Rochester ana mke hai. Amu, akiwa mgonjwa ng'ambo ya bahari, anatuma ujumbe wa kuizuia ndoa, nayo inazuiwa kanisani. Wahakiki wengi wa Kiingereza hulitazama tukio hilo kama sadfa ya kupanga hadithi. Likisimuliwa kwa Kiswahili, kwa neno amu, linakuwa na mantiki ya jamaa: walii asiyejulikana ametimiza wajibu wake. Inafaa kusisitizwa kwamba ni kalamu ya Jane mwenyewe iliyomwamsha walii huyo.

Neno "Bwana"

Jane anapofika Thornfield kumfundisha mtoto Adèle kwa mshahara wa paundi 30 kwa mwaka, mara mbili ya alioupata Lowood, anaanza kumtaja mwajiri wake kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mkuu wa nyumba, mwajiri na mwalimu. Anaendelea kulitumia hata baada ya kumpenda. Tafsiri ya haraka ni "bwana wangu". Lakini kwa Kiswahili "bwana wangu" husemwa na mke akimtaja mumewe. Mtafsiri akilitumia tangu mwanzo, atakuwa amemwoza Jane sura kumi kabla ya posa.

Njia mbili zipo. Ya kwanza ni kutumia "tajiri yangu", kwa maana ya mwajiri iliyozoeleka Afrika Mashariki, hadi sura za mwisho. Neno hili lina faida ya kutaja uhusiano wa mshahara bila kuupamba. Ya pili ni kuacha "bwana" litumike katika kumwita ana kwa ana tu, na kuliondoa katika masimulizi. Makala haya yanaipendelea njia ya kwanza kwa masimulizi na ya pili kwa mazungumzo, kwa sababu Jane hawachanganyi wasikilizaji wake. Rochester anapoposa bustanini, anamwomba amwite kwa jina lake la ubatizo. Jane analikubali ombi la ndoa kwanza kwa kumwita bwana. Jina linafuata baadaye, kwa kusitasita. Hata mwishoni, Rochester akiwa kipofu na mlemavu wa mkono mmoja, Jane bado anamjibu kwa neno lilelile la heshima. Tofauti ni kwamba sasa si neno la ujira. Neno halikubadilika, aliyelitamka ndiye aliyebadilika. Mabadiliko hayo hayaonekani kama tafsiri imelitumia neno ovyo tangu sura ya kwanza ya Thornfield.

Kiambishi Kinachohama

Katika Kiingereza nafsi ya kwanza umoja ina maumbo mawili yasiyofanana, moja la kiima na jingine la yambwa. Katika Kiswahili kiambishi ni kimoja, nacho hubadili kazi kwa kubadili mahali. Katika "alinipiga", -ni- imekaa baada ya kiambishi cha njeo, nayo inapokea pigo. Katika "nilimjibu", ni- imekaa mwanzoni, nayo inatenda. Sauti ni ileile. Mahali ndipo pamegeuka.

Sura za kwanza za riwaya, zikiwekwa katika Kiswahili, zitajaa vitenzi vya aina ya kwanza: alinipiga, walinishika, walinifungia, alinituhumu. Katika Lowood, Bwana Brocklehurst anamsimamisha Jane juu ya kiti mbele ya shule nzima na kumwita mwongo. Hapo pia Jane ni yambwa. Baadaye vitenzi vinageuka. Anatangaza gazetini kwamba anatafuta kazi. Anaondoka Thornfield usiku baada ya ndoa kuvunjika, bila kuruhusiwa na yeyote. Anawagawia binamu zake mirathi ya paundi 20,000 aliyoachiwa na amu, kila mmoja wa wanne akipata 5,000. Vitenzi vya matukio hayo vyote vinaanza kwa ni-.

Yamkini atatokea mtu wa kusema kwamba hilo ni jambo la kawaida katika hadithi yoyote ya mtoto anayekua. Ni kweli kwa kiasi fulani. Lakini katika riwaya hii suala la nani ni kiima linajadiliwa na wahusika wenyewe. St John Rivers, mchungaji anayetaka kwenda India, anataka Jane aende naye kama mke. Jane yuko tayari kwenda, yuko tayari kufanya kazi, yuko tayari hata kufa huko. Anachokataa ni kwenda kama mke. Yaani anakubali kitenzi cha kwenda na kukataa kitenzi cha kuolewa. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili atakayehesabu nafasi za kiambishi hicho sura kwa sura, akitumia tafsiri aliyoiandaa kwa uangalifu, atakuwa amefanya kazi yenye manufaa kwa isimu na kwa fasihi pia.

Lugha Tatu

Kwa mwanaisimu, kipengele kinachostahili kutazamwa zaidi ya kilivyozoeleka ni lugha za kigeni anazojifunza Jane. Ziko tatu. Kifaransa anajifunza Lowood, akihifadhi sehemu kila siku na kuzungumza na mwalimu wake kila apatapo nafasi. Lugha hiyo ndiyo inayomwezesha kumfundisha Adèle na kula kwa jasho lake. Kijerumani anafundishwa na Diana Rivers kwa mapenzi tu, wakati yeye akimfundisha Mary kuchora. Hapo lugha ni zawadi baina ya watu walio sawa. Kihindustani anafundishwa na St John, anayemtaka aache Kijerumani kwa sababu yeye anahitaji mwanafunzi wa kumsaidia kukumbuka. Jane anatii, huku akisimulia jinsi uhuru wa akili yake unavyopungua siku hadi siku.

Lugha hizo tatu ni aina tatu za uhusiano: kazi, urafiki na utawala. Hakuna lugha iliyo ya ukombozi au ya utumwa kwa asili yake. Kihindustani kina mamilioni ya wenyewe na fasihi yao. Katika nyumba ya Rivers kimegeuzwa chombo cha kumtayarisha mwanamke Mwingereza kwa kazi ya kimisionari katika nchi ya watu wengine. Wasomaji wa Afrika Mashariki, ambao wazazi na mababu zao walifundishwa lugha kwa amri, hawahitaji kuelezwa kwa kirefu maana ya kuachishwa lugha uipendayo ili ujifunze ile inayomfaa mwingine.

Kitenzi cha Oa

Sasa inafaa kulifikia suala ambalo ndilo gumu kuliko yote. Mzizi -oa katika Kiswahili una mpangilio ulio wazi. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, mzazi au walii humwoza binti, wawili huoana. Maisha ya Jane yote yanaweza kupangwa katika kauli hizo. Hakuna wa kumwoza. Rochester anataka kumwoa isivyo halali. St John anataka kumwoa bila mapenzi. Sura ya 38, ambayo ni ya mwisho, inaanza kwa sentensi fupi inayojulikana na kila msomaji wa fasihi ya Kiingereza, ambamo Jane, akimwita msomaji, anajitaja kama mtenda wa kitenzi hicho na kumtaja Rochester kama mtendwa.

Mtafsiri afanyeje? Mazoea ya ulimi yatamwelekeza kwenye "niliolewa naye". Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi, na inaangusha riwaya nzima. Msichana ambaye amehama kutoka nafasi ya yambwa hadi ya kiima kwa sura 37 anarudishwa, katika sentensi yake ya ushindi, kwenye kauli ya kutendwa.

Pingamizi la kwanza litakuwa kwamba kitenzi cha Kiingereza hutumika kwa mume na kwa mke bila tofauti, hivyo "nilimwoa" itakuwa imeongeza chumvi isiyokuwamo. Pingamizi hili lina nguvu, lakini linajibiwa na matini yenyewe. Katika sura hiyohiyo, sentensi chache baadaye, Jane anaingia jikoni kumjulisha Mary, mpishi wa nyumba, habari za asubuhi hiyo. Huko jikoni hatumii kauli ya kutenda. Anatumia kauli ya kutendwa, kwamba ameolewa na Bwana Rochester. Kwa hiyo Brontë alikuwa na maumbo mawili mkononi, akayagawa: lile la desturi kwa watu wa nyumbani, na lile la kutenda kwa msomaji. Mtafsiri akitumia "nimeolewa" kwa Mary na "nilimwoa" kwa msomaji, atakuwa amefuata mgawanyo wa mwandishi mwenyewe. Akitumia kutendwa kote, ameufuta.

Pingamizi la pili ni la kijamii. Kusema kwamba mwanamke amemwoa mwanamume ni kumkejeli mwanamume huyo, kwamba analelewa. Hilo nalo ni kweli. Lakini hali ya Rochester pale Ferndean ni ya mtu anayeshikwa mkono ili atembee, na Jane amekwenda kwake kwa miguu yake, akiwa na fedha zake, akamwambia kwamba sasa anajitegemea. Kejeli ambayo msomaji wa Kiswahili ataisikia katika "nilimwoa" ni mshtuko ambao riwaya inaustahili. Utapungua makali kama mtafsiri ameviweka vitenzi vya mzizi huu kwa uangalifu tangu mwanzo, ili msomaji aone jinsi kuolewa kulivyovunjika mara ya kwanza na kukataliwa mara ya pili.

Wengine watapendekeza "tulioana", kama njia ya kati. Umbo hilo ni zuri na lina mahali pake, yaani katika maelezo ya miaka kumi ya ndoa yanayofuata, ambamo Jane anaeleza jinsi wawili wao wanavyoishi kwa kushirikiana. Katika sentensi ya kwanza lingekuwa limewahi. Usawa unaoelezwa hapo umezaliwa na uamuzi, na uamuzi ulikuwa wa mmoja.

Hata hivyo, isihitimishwe kwamba sarufi ya Kiswahili inamdhulumu mwanamke na ya Kiingereza inamkomboa. Katika Uingereza ya 1847, nafsi ya kisheria ya mke ilihesabiwa kuwa imefunikwa na ya mumewe. Paundi 5,000 za Jane, kama hazikuwekewa mkataba maalumu, zingekuwa za Rochester tangu siku ya ndoa. Sheria ilianza kubadilishwa mwaka 1870, na kwa ukamilifu zaidi mwaka 1882. Wakati huohuo Lamu, mwanamke aliyeolewa alibaki na milki ya mali yake kwa mujibu wa sharia. Mwingereza aliruhusiwa kuwa kiima cha kitenzi na kunyang'anywa mali; Mswahili alifanywa mtendwa katika kitenzi na kuachiwa mali. Kwa hiyo sarufi si kioo cha sheria, wala kitenzi cha olewa si hukumu. Ni desturi ya lugha, na desturi ya lugha inaweza kukiukwa na msanii mwenye sababu.

Bertha na Ngeli ya Viumbe

Makuzi ya Jane yana gharama, na gharama hiyo imelipwa na mwanamke mwingine. Bertha Mason, mke wa Rochester, alitoka Spanish Town, Jamaika, alikooewa kwa sababu ya mali. Amefungiwa orofa ya tatu ya Thornfield. Jane anapoonyeshwa kwa mara ya kwanza, msimulizi anamtaja kwa kiwakilishi cha Kiingereza kinachotumika kwa vitu na wanyama.

Hapa Kiswahili kinaleta ugumu usiotarajiwa. Ngeli ya A-WA haibagui binadamu na mnyama. Simba anakuja kama vile mtu anavyokuja. Mtafsiri akitumia a-, Bertha anarudishiwa uhai wake na kosa la msimulizi linafichika. Ili kosa lionekane, hana budi kutumia neno kama "kiumbe kile" na kulipatanisha kwa ki-, kinyume na upatanisho uliozoeleka. Msomaji atahisi mara moja kwamba mtu ameondolewa katika ngeli yake. Wapo watakaopenda kusafisha kifungu hicho kwa huruma. Kusafisha huko hakumsaidii Bertha; kunamsaidia Jane tu, kwa kumwondolea lawama.

Katika sura inayofuata Jane anamkemea Rochester kwa kumzungumzia mke wake kwa chuki, ilhali wazimu si hiari yake. Hapo kiwakilishi cha binadamu kimerudi, na kwa Kiswahili a- itarudi pia. Mpito huo kutoka ki- hadi a- ni hatua ya ukomavu wa Jane, ingawa haukufika mbali: Bertha hapewi neno moja la kusema katika riwaya nzima. Jean Rhys ndiye aliyempa kauli mwaka 1966 katika Wide Sargasso Sea, akianzia palepale, yaani kwenye jina, kwa kuonyesha kwamba hata "Bertha" ni jina alilobandikwa na mume.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba utu uzima wa Jane Eyre unajengwa kwa vipashio ambavyo mwanaisimu anaweza kuvitaja kimoja kimoja: istilahi za ujamaa, maneno ya heshima, nafasi ya kiambishi cha nafsi, kauli za kitenzi na upatanisho wa ngeli. Riwaya hii ikifundishwa kama hadithi ya mapenzi tu, vipashio hivyo vinapotea. Ikifundishwa kama hoja ya haki za wanawake tu, Bertha anapotea.

Inapendekezwa kwamba idara za Kiswahili na za fasihi zishirikiane katika kuisoma riwaya hii na nyingine za aina yake kwa Kiswahili, wanafunzi wakitafsiri vifungu vilivyotajwa na kutetea kila uamuzi wao mbele ya wenzao. Zoezi hilo litawafunza Kiswahili kama litakavyowafunza fasihi ya Kiingereza. Mwanafunzi atakayeulizwa kwa nini ameandika "niliolewa" na asiwe na jibu ila kwamba ndivyo wanawake wanavyosema, ahimizwe kwenda kusoma tena sura ya mwisho, na atazame vizuri Jane alisema nini jikoni.